Mwanamke Aliyesikiliza Chuma na Mume Wangu

Waliokuwepo kanisani siku ya kumkumbuka Erasto, mume wangu, mwaka mmoja baada ya kumzika, ni hawa. Mimi, niliyeishi naye miaka arobaini na sita. Beatrice, kifungua mimba wetu, na mumewe Kinuthia anayeuza vipuri vya magari. Mchungaji Njuguna, ambaye mamake Priscilla tuliimba naye kwaya moja. Wambui wa Githinji na dadake Nyokabi, waliopika. Barasa, mtu wa Kakamega, aliyekuwa askari wa geti kwenye nyumba za ghorofa kule Kilimani, alikuja na koti la kuazima akakaa nyuma kabisa. Na yeye, Mwalimu, aliyeketi safu ya pili bila kungoja aonyeshwe pa kuketi.

Jina lake nalijua. Mimi sisahau jina la mtu, hata la mtoto niliyembeba mara moja kwenye arusi. Yake nayajua yote matatu. Lakini hapa ataitwa Mwalimu, kwa sababu ndivyo Erasto alivyomwita mezani kwangu, na kwa sababu sitaki kuliandika jina lake karibu na jina la mume wangu. Kama ni wivu, basi ni wivu. Nina miaka sabini na mitatu, nimechoka kuubeba kama mtu aliyebeba kuku chini ya kanga.

Siku hiyo Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilidhani atasimama mzee wa kanisa. Akasimama yeye. Hakwenda mbele, aliongea palepale alipokuwa, kwa ile sauti yake ya kufundishia.

"Wengi wenu mlimjua Erasto kama mzee wa kanisa," akasema. "Mimi nilimjua kama masikio. Nusu ya kazi yangu ilifanywa na masikio yake. Miaka thelathini na mmoja hakuniambia neno ambalo si kweli. Alinikosea mara moja tu. Aliniharibia ukanda mmoja wa chuma, kazi ya miezi minane ikapotea. Na siku tuliposikia umeharibika alisema palepale: Mwalimu, ni mimi. Nilimsamehe. Mtu wa namna hiyo hapatikani tena."

Watu wakapiga makofi. Beatrice akaniinamia.

"Mami, tabasamu kidogo. Watu wanakuangalia."

Sikutabasamu. Ule ukanda hakuuharibu Erasto. Niliuharibu mimi, na mpaka dakika ile sikuwa najua kwamba yeye ndiye aliyebeba lawama.

Nitasema yote, lakini acha kwanza mumwone huyu mwanamke ni nani, maana mkisikia tu mambo ya ukanda mtadhani nilikuwa nagombana na mtu wa kawaida.

Alikuwa mrefu, mkavu, anatembea kama anayehesabu hatua. Alivaa saa ya kiume, kubwa, na kila alipoanza kazi aliivua na kuiweka kwenye mkebe wa sukari jikoni, kwa sababu sumaku huua saa. Chai alikunywa bila maziwa. Erasto aliporudi nyumbani siku moja akaniambia, "Mama Bea, leo nipe ya rangi," niliweka birika chini nikaona kabisa kwamba mtu anaingia nyumbani kwangu kidogokidogo kupitia kikombe.

Alifundisha chuoni mjini, mambo ya sumaku na chuma. Erasto alikuwa fundi wa maabara yake. Chumba chao kilikuwa chini ya jengo, chini ya barabara yenyewe, na lori likipita juu walisimama wanangoja lipite. Walipostaafu, yeye kwanza, Erasto miaka miwili baadaye, nilidhani mambo yao yameisha. Mwalimu alihamishia vyombo vyake sebuleni kwake Kilimani, na Erasto akawa anaenda kila Alhamisi. Anatoka kwetu Dagoretti asubuhi, amenyoa ndevu. Kanisani alikuwa ananyoa Jumapili nyingine ndiyo, nyingine hapana. Alhamisi hakukosa.

Mara ya kwanza nilimfuata. Sioni aibu kusema. Nilishuka nyuma yake pale Adams Arcade, nikajificha nyuma ya mama anayeuza maua, anaitwa Redempta. Nikamwona Erasto ananunua ndizi mbili. Mbili. Akavuka, akaingia ndani Kilimani, nami nyuma yake mpaka kwenye geti la nyumba ndefu. Hapo ndipo nilipomjua Barasa.

"Sasa mama. Unatafuta nani?"

"Yule mzee ameingia sahii. Anaenda kwa nani?"

"Yule fundi? Ni wa Mwalimu. Huyo ni wa kila Alhamisi."

"Na wanafanyanga nini huko?"

Barasa akaniangalia viatu, akaniangalia uso, akaelewa mimi ni nani. "Mama, usijali. Wanasikizanga chuma."

"Chuma gani?"

"Chuma tu. Mimi nimepeleka barua huko juu nikaskia na haya masikio. Inalia."

"Chuma inalia."

"Haki ya Mungu. Inalia kama mafuta ya chapati. Panda ujionee, mimi siwezi kukuzuia, wewe ni mama wa watu."

Nilipanda. Aliyefungua mlango ni Mwalimu mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Adams, makali, yamepangwa kabisa. Akanitangulia.

"Saa," akasema.

"Saa?"

"Ukiwa na saa, vua. Na vibanio vya nywele. Na pini ya hiyo leso."

Sijui kwa nini nilitii. Nikavua kibanio kimoja, kingine, cha tatu, nikampa pini, vyote vikaingia kwenye mkebe wa sukari. Kwa hiyo nilisimama mbele ya mwanamke niliyekuja kumtukana, nywele zangu zikiwa zimeanguka masikioni kama za mtu aliyeamshwa. Mume wangu alikuwa ameketi sakafuni, amefumba macho. Alisikia mlango, alisikia sauti yangu. Hakufumbua macho. Aliinua kidole kimoja tu, kuniambia nisubiri.

Kidole hicho nilikichukia miaka mingi.

Basi nikasikia. Kulikuwa na ukanda mwembamba wa chuma, kama wa kufungia kreti, umeingizwa ndani ya waya uliozungushwa mara elfu kadhaa, kazi ya mikono ya Erasto. Waya unaenda kwenye kisanduku, kisanduku kinaenda kwenye spika ya redio. Mwalimu alishika sumaku mbali, akaanza kuileta karibu na chuma. Polepole. Ningeweza kumenya viazi vya chakula cha watu wanne. Na spika ikaanza: tak. Kimya. Tak tak. Kisha mlio mmoja mkubwa, krrra, kama kuni mbichi, kisha vidogo vingi pamoja, kisha kimya tena. Kama bisi kwenye sufuria iliyofunikwa. Nilisema hivyo, kwa sauti.

"Ni kama bisi."

Mwalimu aliirudisha sumaku mbali, akaileta tena vilevile, upande uleule. Safari hii chuma kikanyamaza, labda kitoke kimlio kimoja, viwili.

"Mbona hakisemi?" nikauliza. Nilikuwa nimesahau kugomba.

"Kimeshageuka. Ukikiambia neno lilelile hakina cha kujibu." Akaigeuza sumaku, upande wa pili ukaja mbele, na kelele zikarudi zote. "Na nikiiondoa kabisa sumaku, hakirudi kilikotoka. Kinabaki njiani. Kukirudisha lazima ukisukume kwa upande wa pili, na hata hapo kitarudi kwa njia nyingine, si ile kiliyoendea. Kuna jina la vitabuni, histeresisi."

Nililishika siku hiyohiyo, maana nimesema, majina sisahau.

Njiani tukirudi Erasto alinieleza vizuri, kwa sababu yeye aliongea nami kama mtu na si kama darasa. Alisema ndani ya chuma kuna vijiji vidogo vingi, kila kijiji kimetazama upande wake. Sumaku ikija, vinataka kugeuka. Lakini chuma kina uchafu ndani, kina nyufa, kina madoa, na kijiji kinashikwa hapo. Kinakataa, kinakataa, halafu kinaachia ghafla na kuvuta majirani. Mara nyingi wanageuka wachache. Mara mojamoja wanageuka wengi kwa mpigo, na hakuna anayejua mapema ni lini.

"Sasa kelele za nini?" nikamuuliza. "Mtakula kelele?"

"Mwalimu anasema siku moja mtu ataweza kusikiliza daraja, ajue limechoka kabla halijavunjika."

"Na wewe umechoka? Amekusikiliza?"

Alicheka. Erasto alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu. Kwa hiyo nilicheka pia, lakini moyoni niliona jambo: mtu anaweza kukuchukulia mume bila kumgusa mkono. Kama angemgusa ningejua la kufanya. Kuna wazee wa kanisa, kuna dada zake, kuna hata Mchungaji. Lakini ukiwaambia watu kwamba mwanamke wa Kilimani anakaa na mume wako wanasikiliza chuma, watakuombea wewe.

Mwalimu alikuwa na maneno yake ambayo Erasto aliyaleta nyumbani kama mtu anayeleta mkate. "Wengine wanachuja kelele wazitupe. Mimi natupa kilichobaki." Hilo alilipenda sana. Lingine: "Chuma safi hakina la kusema." Chuma kisicho na doa kilimchosha, alitaka kile kibaya, cha jaa, kilichogongwa. Sebule yake ilijaa misumeno iliyovunjika, springi za vitanda, kipande cha reli. Nyumba yangu niliipiga deki kila siku, sakafu inang'aa, na nikasikia kwamba kitu safi hakina la kusema. Mtu ataniambia hakuwa ananisema mimi. Najua. Lakini niliyemeza ni mimi.

Alikuwa na mambo mawilimawili yasiyokaa pamoja. Huyu aliyeweza kusogeza sumaku kwa mwendo wa ukucha unavyokua, hakuweza kusimama kwenye foleni. Barasa aliniambia siku moja alitoka na kandambili kwenda kumgombeza dereva wa lori la maji aliyesimama mbele ya geti dakika tatu. Alisikia mlio ambao mimi na wewe hatuwezi kuusikia, lakini ukiongea naye hakungoja umalize. Alidai ukweli kama polisi, na papo hapo akipigiwa simu na watu wa kanisani kwao alimwambia Barasa aseme ametoka.

Na nikimnyima haki yake nitakuwa mbaya. Kifua kilipomshika Beatrice wetu akalazwa Parklands, Mwalimu alikwenda kila asubuhi siku tisa, akaketi, akasoma gazeti, akaondoka. Hakusema pole. Alimletea chungwa moja lililomenywa tayari. Beatrice mpaka leo humpenda, na hilo pia nimelihesabu kwenye yale aliyonichukulia.

Sasa ukanda.

Ulikuwa na namba, kumi na tisa. Walikuwa wameutundikia uzito mdogo kwa miezi minane, kila Alhamisi wanausikiliza, wanaandika jinsi unavyochoka. Halafu mwenye nyumba ya Kilimani akaleta wapaka rangi, na wapaka rangi wana ngazi za chuma, makopo, mikono isiyouliza. Mwalimu aliogopa. Akampa Erasto akae nao nyumbani siku chache. Hayo yote niliyajua baadaye. Nilichokijua Jumatatu ile ni kwamba nilichukua koti la mume wangu nilipige brashi, nikapata ndani skafu ya mwanamke. Ya samawati, imeviringishwa vizuri, inanukia sabuni ambayo si ya dukani kwetu.

Sikuifungua polepole. Ndani nikakuta kile kiutepe cha chuma. Mtu mwingine angesema, ah, kumbe ni kazi. Mimi niliona vibaya zaidi. Nikawaza: barua ingekuwa afadhali, barua ningeisoma. Hiki hata nikiitiwa mtu hakisomeki. Wao wawili tu ndio wanaoweza kukisoma. Nikakiweka kwenye goti langu nikakikunja. Kikakubali bila kelele, kimya kabisa, kama kinanidharau.

Nilikaa nacho mkononi kikiwa kama herufi ya V. Ndipo nikaogopa.

Sasa mimi nilichoma mahindi kando ya barabara miaka ishirini na zaidi. Wavu wa kuchomea hupinda, na mimi ndiye niliyekuwa naunyoosha mwenyewe: unautia kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, unaugonga juu ya jiwe, halafu unaufukia ndani ya majivu upoe taratibu. Ukiumwagia maji utakatika kesho. Hiyo ndiyo elimu yangu. Nikawasha jiko, nikafanya hivyo. Kikanyooka vizuri kuliko mwanzo. Kilikuwa kimeingia weusi, nikakisugua kwa majivu na kitambaa mpaka kikang'aa. Nikakirudisha ndani ya skafu. Nikaikunja skafu mara nne, kingo kwa kingo, kama ninavyokunja vitambaa vya meza ya Bwana.

Ilikuwa imeviringishwa, mimi nikaikunja. Alhamisi asubuhi Erasto aliitoa mfukoni, akaitazama. Akanitazama. Nilikuwa nakoroga uji, sikugeuka.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nitakula."

Akaenda.

Alirudi mapema, kabla ya saa sita, akavua koti. Alhamisi iliyofuata hakwenda. Na nyingine hakwenda. Nilihesabu: wiki kumi na moja. Sikumuuliza, na yeye hakusema. Nilijiambia wamegombana, kama watu wanavyogombana, na nilifurahi jinsi mtu anavyofurahia mvua. Kila Alhamisi nilipika mukimo, viazi na mahindi ya kuponda, na nyama. Erasto alikaa sebuleni, redio imezimwa, anasikiliza kifuniko cha sufuria kinavyogonga.

"Hicho kifuniko kina ufa," akaniambia siku moja.

"Wapi? Mimi sioni."

"Hauonekani."

Wiki ya nane mukimo ulianza kunishinda kumeza. Alikuwa nyumbani, mzima, ameketi ninapomwona, na hakuwepo. Wiki ya kumi na mbili simu ikalia, akasema ndiyo Mwalimu, ndiyo, sawa, akaenda kutafuta wembe. Nilimpigia pasi shati. Nikamwambia, "Usichelewe, nimeanika nguo na mvua haiaminiki." Hivyo tu. Aliendelea na Alhamisi zake mpaka miguu ilipokataa.

Sasa mnajua nilichokisikia kanisani. Mtu wangu, ambaye hakuna aliyewahi kumtajia kosa, ametajiwa kosa mbele ya watu wote waliomjua, na amesamehewa juu yake, na amepigiwa makofi. Kosa langu. Wambui alikuja kunishika mkono akasema, "Kumbe mzee alikuwa mnyenyekevu hivyo." Usiku, mchana, nikipika, nikisali, nilisikia yale makofi. Kulisafisha jina lake ilikuwa kazi yangu na hakuna mwingine wa kuifanya. Lakini kulisafisha kulimaanisha kwenda mbele ya mtu mmoja, yule yule, nikamwambie kwa mdomo wangu kwamba nilimwonea wivu. Ningaliiambia dunia nzima, si yeye. Nilikaa wiki tatu.

Kisha nikaenda. Siku hizi amehamia Parklands, ghorofa ya tatu, karibu na hekalu la Wahindi. Nilipanda nikipumzika kila ngazi ya saba. Alifungua mwenyewe, amekuwa mdogo, nywele nyeupe kabisa.

"Mama Beatrice," akasema. "Karibu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimekuja kwa maneno ya kanisani."

"Maneno yapi?"

"Kwamba Erasto alikukosea ukamsamehe. Hukuwa na la kumsamehe, Mwalimu. Ule ukanda ni mimi."

Hakukatiza. Mara ya kwanza katika maisha yake alimngoja mtu.

"Niliukunja kwa goti," nikasema. "Halafu nikaunyoosha kwenye jiko."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa ndani ya skafu yako."

"Kwa sababu ya skafu?"

"Kwa sababu yako."

Alikwenda akasimama dirishani, mgongo kwangu. Kengele ya hekalu ikalia, ikaisha. Aliposema, sauti haikuwa ya kufundishia.

"Tulipousikia alisimama akasema ulimteleza ukaangukia kwenye jiko la makaa. Nikamwambia, wewe, fundi, chuma cha miezi minane unakipeleka karibu na moto? Akasema ndiyo, Mwalimu. Nikamwita mzembe. Nikamwita hivyo mbele ya Barasa. Nikamwambia asikanyage kwangu." Akageuka. "Alinidanganya."

"Alikudanganya."

"Huyo mtu hakuwahi kunidanganya!"

"Mara moja," nikasema.

Sitaficha. Neno hilo lilikuwa tamu mdomoni. Niliona linavyomwingia. Miaka yote alidhani ana kitu kimoja cha Erasto ambacho mimi sina, ule ukweli wake usio na doa, na sasa anaona kwamba ilipofika zamu ya kuchagua, aliutoa akautupa kwa ajili ya mwanamke wa Dagoretti anayeogopa kuulizwa. Nilifurahi, na nikaona haya kufurahi, vyote kwa pamoja.

Akaketi. Akaniambia, "Unajua saa tisa kila Alhamisi alikuwa anafanya nini? Anaenda dirishani. Anaangalia mawingu ya upande wenu. 'Mama Bea ameanika.' Kila Alhamisi. Niko katikati ya kipimo, yeye yuko na nguo zako. Nguo zako nimezisikia kuliko nilivyosikia chuma. Nilikuwa nakuchukia, mama."

"Mimi pia nilikuchukia."

"Najua. Ulinipa kibanio cha nywele kama unayenidunga nacho."

Tukacheka, lakini si sana. Kisha akanyanyuka, akavuta kutoka chini ya kitanda daftari kuukuu, akavaa miwani, akafungua ukurasa. Nikadhani ananionyesha hasara. Akachukua kalamu.

"Uliufikisha wekundu gani?"

"Ati?"

"Motoni. Ulikuwa mwekundu namna gani? Tulisikia mlio ambao hatukuuelewa. Ulikuwa unakwaruza kama kuni, tukaukuta laini, kama manyunyu, na unaanza mapema, sumaku ikiwa bado mbali. Erasto alisema ni moto, lakini hakuweza kuniambia moto gani. Nilidhani ni aibu. Kumbe hakuwepo. Sasa niambie. Mwekundu gani?"

"Si ule wa nyanya iliyoiva," nikasema. "Ule unaoanza. Kama nyanya ya kuwekwa dirishani siku mbili."

Akaandika. "Makaa ya mti gani?"

"Mkaa wa kawaida. Lakini juu niliweka mgunga kidogo, unashika moto."

"Ulipuliza?"

"Kwa karatasi ya boksi."

"Ulikaa kwenye majivu muda gani?"

"Mpaka ningeweza kuushika. Nilikuwa nimechambua dengu kilo mbili nikamaliza, nikatoa."

"Uligonga upande mmoja au pande mbili?"

"Mbili. Ukigonga mmoja unajikunja tena nyuma yako."

Aliniinamia. Yale macho. Kila nilichosema alikingojea kama mtu anayengoja maji yajaze mtungi, halafu akauliza kilicho chini yake, na chini yake tena, na mimi nikaona najua mambo ambayo sikujua nayajua: kwamba chuma cha wavu wa zamani huimba kikigongwa na cha siku hizi hakiimbi, kwamba majivu ya magunzi hupoza haraka kuliko ya kuni. Yote akaandika. Aliuliza jina langu kamili, nalo akaliandika, na katika miaka yangu yote sabini na mitatu hakuna mtu aliyewahi kukaa mbele yangu akanisikiliza namna ile, wala mama yangu, wala watoto, wala Erasto, Mungu amrehemu. Nilipotazama nje jua lilikuwa limehama ukuta mmoja hadi mwingine. Chai yangu ilikuwa imepoa, ya rangi, nami nilikuwa nimeinywa nusu bila kujua.

Hapo nikaelewa kwa nini Erasto alikuwa anachelewa kurudi nyumbani.

Wivu haukuisha, msinisingizie. Niliposhuka zile ngazi nilikuwa nao bado, ila sasa nilimwonea mume wangu. Yeye alisikilizwa hivyo miaka thelathini na mmoja. Mimi nilipata mchana mmoja.

Nimeandika majina kama ninavyoyakumbuka na maneno kama yalivyosemwa. Inawezekana muuza maua wa Adams si Redempta bali dadake Imakulata, wanafanana. Inawezekana Beatrice alilazwa siku kumi, si tisa. Mliokuwa kanisani, kama Mwalimu alitumia neno lingine pale aliposema alimsamehe, nileteeni hilo neno nilirekebishe, nipo Dagoretti, kila mtu atakuonyesha. Na wewe Mwalimu, ukisomewa haya ukakuta nimekosea mahali, usinitumie mtu. Njoo mwenyewe uniulize.